Lugha Usiyoisema Nayo Iko Macho

Umeshinda kazini ukizungumza Kiingereza tangu asubuhi. Jioni umefika nyumbani, mama mkwe yuko jikoni, maharage yanatokota, nawe unataka akupatie kile chombo cha kupakulia mchuzi. Mkono umekwisha kuunyoosha, lakini neno halitoki. "Mama, naomba ile… ile ya kupakulia." Anakupa huku anakutazama usoni. "Upawa, mwanangu. Siku hizi hata upawa umeusahau?" Watoto wanacheka. Wewe unacheka nao, ila moyoni umeumia, maana neno hilo ulilijua kabla hujajua kusoma.

Kama hali hiyo imewahi kukupata, soma nami. Nimefanya ukalimani Arusha kwa miaka mingi. Nimezaliwa Rungwe, nyumba ya Kinyakyusa. Kiswahili nilikisomea darasani, Kiingereza kikanikuta sekondari. Lugha tatu zinaishi kichwani mwangu, na riziki yangu inategemea kuzipokezanisha bila kuzigonganisha. Kwa miaka yote hiyo nimewaona watu wenye akili timamu wakijidharau kwa sababu neno limewakwama, au wakiwakaripia watoto wao kwa kuchanganya, kumbe hawajaambiwa jambo moja la msingi: lugha haizimwi kama taa. Unapoongea moja, nyingine iko macho, na akili yako inaizuia isitangulie mdomoni. Kuzuia huko ni kazi inayokula nguvu na muda. Ukijua inakula wapi, unaweza kujipanga.

Fahali na kamba yake

Anza kwa kujipima. Mtazame rafiki yako anayejua Kiswahili na Kiingereza, umwambie neno moja tu: kaa. Muulize ameona nini. Mmoja ataona kaa wa pwani akitembea upande upande, mwingine kaa la jiko, mwingine atadhani unamwambia aketi. Na yupo atakayeona gari, kwa sababu Waingereza hulitamka neno lao la gari karibu sawasawa na hivyo. Jaribu pia "bata" kwa mtu anayepaka mkate siagi. Hukumsemesha Kiingereza hata kidogo, lakini Kiingereza chake kimeitika.

Jambo hilo lilipimwa kwa macho hasa. Mwaka 1999, Michael Spivey na Viorica Marian wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lao na Warusi waliojua Kiingereza. Mtu aliwekewa vitu vichache mbele yake, na kifaa kikafuata mwendo wa mboni zake. Akaambiwa kwa Kirusi asogeze stempu, ambayo kwa Kirusi huitwa "marka". Katika vitu vile palikuwa na kalamu nene ya wino, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "marker". Macho yakawa yanaiendea kalamu ile mara nyingi kuliko yalivyoendea kitu ambacho jina lake halikufanana na stempu. Maagizo yalikuwa ya Kirusi kitupu, lakini sikio lilisikiliza kwa lugha zote mbili.

Sasa, kama zote ziko macho, kwa nini hatuongei vurugu tupu? Maelezo yaliyopata nguvu ni ya David Green, aliyeandika mwaka 1998 kwamba akili huchagua lugha kwa kuikandamiza ile isiyotakiwa. Mwaka uliofuata Renata Meuter na Alan Allport wakaleta matokeo ambayo mpaka leo nikiyaeleza kwa wanafunzi wangu wanashangaa. Waliwaonyesha watu tarakimu wazitaje, huku rangi iliyokuwa nyuma ya tarakimu ikiwaambia watumie lugha gani. Kila lugha ilipobadilika, jibu lilichelewa kidogo, hilo lilitarajiwa. Ajabu ni kwamba kurudi kwenye lugha ya kwanza, ile wanayoimudu zaidi, kulichelewesha kuliko kwenda kwenye ya pili.

Ukifikiri kwa mfano wa zizini, utaelewa. Mbuzi unamfunga kwa kamba nyembamba na anatulia. Fahali anahitaji kamba nene na fundo la kukaza, na siku ukitaka kumfungua, fundo hilo litakuweka. Lugha yako yenye nguvu ndiyo fahali. Ili uongee Kiingereza saa nane mfululizo ilibidi Kiswahili ukifunge sana, na jioni unapokihitaji, fundo halifunguki papo hapo. Upawa haukupotea. Ulikuwa umefungwa.

Niongeze kwamba si watu wote wako hivyo. Albert Costa na Mikel Santesteban waliwapima watu wa Hispania waliozimudu lugha mbili kwa kiwango kinachokaribiana, mwaka 2004, wakakuta kwenda na kurudi kunagharimu sawa. Kwa hiyo ugumu wa kurudi nyumbani si laana ya kudumu. Hutegemea lugha zako zimeachana kiasi gani.

Vuka kabla hujafika

Shauri langu la kwanza, na ndilo ninalolitumia kila siku ya kazi: usingoje mlangoni ndipo ubadili lugha. Badili njiani. Ukiwa kwenye daladala weka mbali zile jumbe za ofisini, zinakurudisha kwenye Kiingereza kila zinapolia. Sikiliza redio ya dereva. Mpigie dada yako, hata kama huna la maana la kumwambia. Muhimu ni kwamba mdomo wako mwenyewe utoe maneno. Kusikia tu kunasaidia nusu.

Hapa tuna bahati ambayo hatuitambui. Salamu zetu ni ndefu. Kila jioni ninaposhuka kituoni namsalimia mama anayeuza ndizi, nami nilikuwa nikidhani ni adabu peke yake. Shikamoo mama. Marahaba, habari za tangu asubuhi? Njema, sijui hapa. Hapa kwema, za kazi? Kazi tunamshukuru Mungu. Watoto hawajambo? Hawajambo wote. Kufika hapo nimekwisha kutamka maneno mengi ya Kiswahili ambayo hayahitaji kufikiriwa, na fundo limelegea. Nikifika jikoni maneno yanakuja yenyewe. Siku nikimpita mbio kwa sababu ya mvua, naona tofauti mezani. Usizikate salamu.

Neno likikwama hata hivyo, lizunguke. Eleza umbo lake, kazi yake, linakaa wapi ndani ya nyumba. Usikimbilie kulitaja kwa Kiingereza, kwa sababu neno huja haraka kwa kadiri linavyoitwa, na ukiliacha bila kuliita litazidi kuchelewa. Tamar Gollan wa San Diego, ambaye amechunguza sana jambo hili, ameonyesha kwamba wenye lugha mbili hukwamiwa na neno kwenye ncha ya ulimi mara nyingi kuliko wenye lugha moja. Sababu anayoipendekeza ni rahisi: siku ina saa zilezile, na maneno yako umeyagawa mafungu mawili, kwa hiyo kila neno linapata zamu chache. Si uzee huo, na si ulimbukeni. Nakusihi umwambie hivyo na mama mkwe.

Kwa upande wa asubuhi, unapokwenda kwenye lugha ya kazi, kanuni ni ileile ila njia ni fupi. Sema sentensi yako ya kwanza kwa sauti kabla hujaingia ukumbini. Isiwe kichwani, iwe kwa midomo, chooni kama hakuna pengine. Sentensi ya kwanza ikitoka safi, ya pili huifuata. Wengi wanaotetemeka kwenye usaili hawana upungufu wa Kiingereza. Wameamka, wamesali, wamekunywa chai na kupanda basi kwa Kiswahili, halafu neno lao la kwanza la Kiingereza kwa siku hiyo ndilo jibu la swali la kwanza.

Saa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nimeona madhara.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipewa miadi ya kliniki. Karatasi iliandikwa kwa tarakimu, saa 8:00, na aliyempa, kijana aliyekuwa ameshinda akijaza fomu za Kiingereza, akamsomea kama ilivyoandikwa: "Saa nane, mzee." Akafika saa nane mchana, amenyoa, amevaa koti. Daktari alikuwa ameondoka. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Alirudi nyumbani akijilaumu yeye mwenyewe kwa uzee, na mimi ndiye niliyeisoma ile karatasi nikaelewa. Sikulala vizuri usiku ule.

Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halibadilishi sana ratiba yake mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo ina mantiki yake kamili. Kiingereza huanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Mtu mwenye lugha zote mbili anabeba saa mbili kichwani, na namba zilezile zinatumika kwa zote mbili. Ni kama kaa na gari, ila hapa kosa halichekeshi.

Fanya hivi. Kama una saa ya mishale, tazama mshale mfupi, kisha soma namba inayoukabili upande wa pili. Mshale ukiwa kwenye 9, ng'ambo yake ni 3: saa tatu. Ukiwa kwenye 2, ng'ambo ni 8: saa nane. Huhitaji kujumlisha wala kutoa, jicho linafanya kazi badala ya ulimi. Kwenye simu ambayo haina mishale, jizoeze kutaja wakati wa siku kabla ya namba, kila mara, bila kuacha hata unapoharakishwa: asubuhi, saa mbili. Ukilitanguliza neno "asubuhi", akili inajua iko kwenye saa ya Kiswahili kabla haijaigusa namba. Na unapompa mtu miadi au dozi ya dawa, mwambie akurudishie kwa maneno yake. "Nimeze jua likichomoza na jua likizama" ni jibu salama kuliko namba yoyote.

Namba kwa ujumla zina ukaidi wake. Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin waliwafundisha watu wenye Kirusi na Kiingereza hesabu mpya kwa lugha mojawapo, wakachapisha matokeo mwaka 2001: hesabu za majibu kamili zilikuja haraka kwa lugha iliyofundishia, na kusuasua kwa nyingine. Makadirio ya jumla hayakujali lugha. Kwa hiyo mhasibu usione haya kunong'ona jedwali la kuzidisha kwa Kiswahili katikati ya kikao cha Kiingereza. Piga hesabu kwa lugha uliyojifunzia, kisha tafsiri jibu peke yake. Sisi wakalimani tumeliona hilo. Tukiwa wawili katika kibanda, mmoja anaongea, mwenzake anamwandikia tarakimu na saa kwenye karatasi ili azisome tu.

Kuchanganya: na nani?

Nimesikia walimu wakisema anayechanganya lugha hajui hata moja. Si kweli, nami nasema hivyo nikiwa mtu ninayelipwa ili nisichanganye.

Sikiliza vijana wa Dar es Salaam au Nairobi kwa makini. "Wamesha-submit." "Nimem-miss sana." "Tuka-decide tusiende." Kiambishi ni cha Kiswahili, wakati ni wa Kiswahili, nafsi ni ya Kiswahili, Kiingereza kimeleta mzizi tu, kikaketishwa mahali palipotengwa kwa mzizi. Hutasikia mtu akigeuza, akachukua kitenzi cha Kiswahili akakitundika kwenye viambishi vya Kiingereza katikati ya mazungumzo hayo. Carol Myers-Scotton, Mmarekani aliyekusanya mazungumzo ya namna hii Nairobi, aliandika vitabu viwili vilivyotoka mwaka 1993, na kiini cha hoja yake ni kwamba daima ipo lugha moja inayoshika fremu, nyingine inaleta matofali. Ni utaratibu, na anayeufuata anafanya hivyo bila kufundishwa. Ni nguvu ileile iliyochukua maelekezo ya barabarani ya Kiingereza ya kushika kushoto, ikayafanya kipilefti, na vikiwa viwili vikawa vipilefti.

Tena kuchanganya kwa hiari hakuchoshi kama kubadili kwa kuamrishwa. Unapoongea na mtu mwenye lugha zilezile ulizo nazo, huna haja ya kumfunga fahali. Unachukua neno linalotangulia kufika. Ndiyo sababu mazungumzo na marafiki wa aina hiyo hupumzisha. Usijinyime.

Lakini mtazame unayeongea naye. Kuchanganya mbele ya mtu asiyekuwa na lugha ya pili ni kumfungia mlango huku unamtazama. Nimeketi karibu na wagonjwa wakiambiwa, "Mama, pressure yako iko high, tutaku-refer," nao wakaitikia "haya" kwa heshima, wakatoka bila kujua wanaenda wapi. Daktari hakukusudia ubaya. Alisomea ugonjwa kwa Kiingereza, na maneno yake ya ugonjwa yanakaa huko. Basi kabla hujaanza kuongea jiulize jambo moja tu: huyu ana lugha ngapi kati ya zangu? Jibu likiwa moja, fremu na matofali vyote vitoke hukohuko. "Shinikizo la damu limepanda. Tutakuandikia barua uende hospitali ya mkoa." Hayo hayana ugumu. Yanahitaji kuandaliwa mapema.

Daftari la daraja

Na maandalizi yenyewe ni haya. François Grosjean, ambaye ametumia maisha yake kuandika juu ya watu wa lugha mbili, husisitiza kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili waliobanwa ndani ya ngozi moja. Lugha zake zimegawana maisha: hii ya nyumbani, ile ya kazi, hii ya sala, ile ya mashine. Kwetu Tanzania mgawanyo huo ulielezwa mapema na Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyeandika mwaka 1972 kwamba hapa tuna ngazi tatu, lugha ya kabila, Kiswahili na Kiingereza, kila moja na nafasi zake. Alitutazama tulivyo, na mimi nilipomsoma kwa mara ya kwanza niliona nyumba yetu ya Rungwe.

Tatizo huja pale maisha yanapovuka mipaka hiyo. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali miaka yote kwa Kiswahili. Anajua kipenyo, anajua mzingo, anaweza kukuchorea duara na kukupa eneo lake. Anaingia kidato cha kwanza, ubaoni pameandikwa kwa Kiingereza, na ghafla mtoto huyu anaonekana hajui duara. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi juu ya jeraha hili, nami naungana naye kwa moyo wote. Mtoto hakupungukiwa na akili wala na hesabu. Amepungukiwa na daraja.

Nunua daftari moja. Ugawe ukurasa kwa mstari. Upande huu andika jina la kitu kwa lugha unayokijulia, upande wa pili jina lake kwa lugha usiyokijulia. Usiandike kamusi nzima. Andika kile kilichokukwama leo. Mwanafunzi ataanza na usanisinuru na kipenyo. Nesi ataanza na figo, ini, kongosho, wengu, upande wa Kiswahili ndio uliokuwa mtupu. Mwanasheria, fundi, mchungaji, kila mtu ana upande wake ulio mtupu. Kisha, hapa wengi hukosea, usisome orodha kimya kimya. Funika upande mmoja, utaje mwingine kwa sauti, ugeuze. Unazoeza kuvuka, na kuvuka kuna pande mbili.

Ukiwa na mtoto wa kidato cha kwanza nyumbani, muulize swali la Kiingereza linataka nini, akueleze kwa Kiswahili, alijibu kwa Kiswahili mpaka mwishoni, ndipo aliandike kwa Kiingereza. Utagundua mara nyingi kwamba jibu alikuwa nalo.

Kuna kitu kingine cha kuandika katika daftari hilo, nacho si majina bali ni mazoea. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", kwa hiyo Mswahili mahiri wa Kiingereza bado atamwita shangazi yake kwa kiwakilishi cha mjomba. Anajua kanuni vizuri. Akili yake tu haijazoea kuliuliza swali hilo kabla ya kufungua kinywa. Na ziko "pole" na "naomba". Mtu akijikwaa nasi tunamwambia pole. Tukiitafsiri tukamwambia Mwingereza "sorry", anatujibu kwa mshangao kwamba hatukumsukuma. Ukimwomba chumvi kwa Kiingereza huku sarufi yako ni ya "naomba unipe", atasikia amri. Unapobadili lugha, badili na adabu yake. Hilo huchukua muda mrefu kuliko msamiati, na wageni wanaojifunza Kiswahili wanahangaika nalo vilevile wanapokutana na shikamoo.

Moyo na uchovu

Lugha ya utotoni hugusa ngozi. Si msemo tu: Catherine Harris na wenzake wa Boston waliwapima Waturuki waliojifunza Kiingereza baada ya utoto, wakapima jinsi ngozi ya vidole inavyobadilika mtu anaposikia maneno makali, na makaripio ya utotoni yaliitikiwa kwa nguvu zaidi kwa Kituruki. Mimi nikiambiwa neno la kunikemea kwa Kiingereza linanipita. Kwa Kinyakyusa linanisimamisha. Tumia maarifa hayo. Unapoomba msamaha wa kweli, tumia lugha inayomgusa unayemwomba, hata kama kwako ni ngumu. Na unapokuwa na uamuzi mzito, mkopo, kiwanja, kazi ya mbali, upitie kwa lugha zote mbili kabla ya kutia saini. Boaz Keysar na wenzake wa Chicago walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wakifikiri kwa lugha ya kigeni hawayumbishwi sana na namna jambo lilivyopambwa. Ya utotoni itakuambia unaogopa nini, ya ugenini itakusaidia kuhesabu. Uzisikilize zote.

Uchovu ndio adui mkubwa wa yote haya. Kushika kamba kunahitaji mikono yenye nguvu, na jioni mikono imelegea. Wakalimani wa papo kwa papo hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Si kwa uvivu; baada ya hapo makosa huanza, na mara nyingi mwenye kukosea hajisikii. Siku moja mwenzangu wa zamu aliugua, nikaendelea peke yangu hadi jioni. Msemaji akamaliza kwa kusema asante. Mimi nikafungua maikrofoni, na badala ya Kiingereza likatoka neno la bibi yangu, asante ya Kinyakyusa: ndaga. Ukumbini watu wakagusa hedifoni zao, wakidhani zimeharibika. Angalia ni lugha gani iliyotoka: ya tatu, ambayo haikuwa imetumika siku nzima na ambayo hakuna aliyekuwa akiilinda. Kwa hiyo weka kikao kigumu cha lugha ya pili asubuhi. Usimpigie mzazi simu ya jambo zito dakika tano baada ya kikao hicho. Na ukiona viunganishi vya lugha nyingine vimeanza kuchungulia, "so" na "but" zikijipenyeza usipotaka, hizo ndizo dalili za mwanzo. Simama, kunywa maji, mpe mwenzako zamu.

Wazee wetu

Utasikia kwamba lugha mbili huzuia usahaulifu wa uzeeni. Ellen Bialystok na wenzake wa Toronto waliripoti mwaka 2007 kwamba wagonjwa wa lugha mbili walionyesha dalili wakiwa wamechelewa takriban miaka minne kuliko wa lugha moja. Tangu hapo wengine, Kenneth Paap akiwamo, wamepima faida za lugha mbili kwa akili wasizikute, na mjadala bado ni mkali. Mimi singejifunza lugha kama dawa.

Lakini lipo jambo la hospitali ambalo kila familia yenye lugha zaidi ya moja inapaswa kulishika. Kiharusi kinaweza kugusa lugha za mtu kwa viwango tofauti. Mwaka 1895, Mfaransa Albert Pitres alieleza wagonjwa ambao lugha moja iliwarudia kabla ya nyingine, na si lazima iwe ya mama. Mara nyingi ilikuwa ile waliyoitumia sana kabla ya kuugua. Michel Paradis wa Montreal alikusanya visa vingi baadaye: mara nyingi lugha hurudi sambamba, lakini si kila mara. Maana yake ni kwamba mzee anayepimwa kwa Kiswahili peke yake na asijibu, huenda hajapimwa.

Mama yangu alipopata kiharusi, siku ya pili nilikuta neno limeandikwa kwenye faili kwamba haelewi maagizo. Nesi alikuwa mpole, alikuwa amemuuliza kwa Kiswahili kizuri, tena mara kadhaa. Nikainama sikioni nikamwambia kwa Kinyakyusa afumbe macho. Akafumba. Nikamwambia ainue mkono, akainua wa kushoto. Nesi akalikata lile neno kwa kalamu, akaandika upya.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo, mpe agizo moja jepesi kwa kila lugha aliyowahi kuitumia: fumba macho, toa ulimi, nishike kidole. Usimwonyeshe kwa ishara, ataiga bila kuelewa maneno. Rudia kesho na keshokutwa, uandike kila lugha na jibu lake, umpe daktari. Na usingoje kiharusi. Kwenye kadi ya kliniki ya mzee wako, nyuma, pale pasipoandikwa kitu, orodhesha lugha zake na anazitumia wapi. Ya mama yangu inasema: Kinyakyusa, nyumbani na kwa majirani, Kiswahili, kanisani na sokoni. Chini yake nimeongeza kwa wino mwekundu namba ya simu ya dada yangu, na maneno haya: akinyamaza, mpigieni huyu amsemeshe.